Macho Uwanjani, Vidole Kwenye Kibodi

Nazungumza nanyi nyote mlioko Akheri, Tengeru, Usa River, Makumira, na ninyi wa huko juu Nkoaranga ambako ukungu haujawaachia tangu asubuhi. Leo nina jambo la michezo, na halihusu Simba wala Yanga.

Nazungumzia besiboli. Na ndani ya besiboli namzungumzia mtu ambaye hapigi mpira, harushi, wala hakimbii: yule anayekaa kwenye benchi pembeni na kuandika kila kinachotokea uwanjani. Natamani shule zetu za Meru zimpate mtu huyo mapema, kabla hata hazijapata glovu za kutosha. Tena natamani aandike kwa kompyuta, akitumia kibodi peke yake, bila kushika kipanya wala kugusa kioo.

Wako watakaosema besiboli ni mchezo wa kwenye filamu za Wamarekani, sisi unatuhusu nini? Unatuhusu, kwa sababu umeshaingia nyumbani. Mwaka 2012 Mjapani mmoja, Shinya Tomonari, aliyekuwa akifanya kazi JICA, shirika la ushirikiano la Japani, jijini Dar es Salaam na ambaye miaka ya nyuma aliwahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana, alianza kuwafundisha vijana wa sekondari za Azania na Kibasila. Mwaka 2014 yakafanyika mashindano ya kwanza, yakapewa jina la Tanzania Koshien. Koshien ni uwanja ulioko Japani, ambako vijana wa sekondari wamekuwa wakigombea ubingwa tangu 1924, ingawa mashindano yao yenyewe yalianza 1915. Kisha mwaka 2018, pale Azania, ukazinduliwa uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Na wala si Dar es Salaam peke yake. Ukitoka hapa kwetu ukafika Boma Ng'ombe, ukakata kushoto kupanda Siha, unafika Sanya Juu, na sekondari ya Sanya Juu ni miongoni mwa shule zilizopeleka timu kwenye mashindano hayo. Sanya Juu ni jirani zetu, wao wanauona Mlima Meru kwa upande ule na sisi tunauona kwa upande huu.

Wajapani walipouleta mchezo huu waliuambatanisha na maneno matatu: nidhamu, heshima, haki. Mawili ya kwanza kila mwalimu wa michezo anayasema. Hilo la tatu ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo, kwa kuwa katika besiboli haki inakaa mahali pawili: kwa mwamuzi aliyesimama uwanjani, na kwa mwandishi aliyekaa pembeni. Kosa la mwamuzi linapigiwa kelele hapo hapo. Kosa la mwandishi linakaa kimya kwenye karatasi na kumfuata mtoto miaka yote.

Tuanze na namba, maana bila namba hatutaelewana. Timu ina watu tisa uwanjani, na kila nafasi ina namba isiyobadilika. Mrushaji ni moja. Mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, ni mbili. Mlinzi wa besi ya kwanza ni tatu, wa besi ya pili ni nne, wa besi ya tatu ni tano. Sita anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Saba, nane na tisa wako nyuma kabisa: kushoto, katikati, kulia. Hizi si namba za jezi. Jezi hubadilika kila msimu, namba za nafasi ni zile zile Akheri, Tokyo na New York.

Sasa sikiliza mpira unavyokwenda. Kuna mchezaji mmoja amesimama besi ya kwanza. Mpigaji anapiga mpira wa chini, unabiringika kwa kasi kumwendea sita. Sita anauokota, anamtupia nne ambaye amekwisha kanyaga besi ya pili. Yule aliyekuwa anakimbia kutoka besi ya kwanza, auti. Nne hajapumua, anageuka na kumtupia tatu. Mpigaji naye, mguu wake ukiwa bado hewani, auti. Sekunde nne au tano zimepita, wawili wametoka, watu wanapiga kelele, na mwandishi ameandika sita, nne, tatu. Mtu ambaye leo hajazaliwa atakuja kuzisoma namba hizo tatu na kuuona mpira ulivyopita mkono kwa mkono.

Mlioketi Chuo cha Uhazili Tabora mmekwisha nielewa. Hii ni hati mkato ya mchezo. Kama vile katibu muhtasi alivyoweza kuinasa hotuba ya mkurugenzi kwa vimistari na vinukta, kisha akarudi mezani na kuitoa neno kwa neno, ndivyo mwandishi wa besiboli anavyoinasa mechi ya saa mbili kwenye ukurasa mmoja. Aliyeipanga kwa sehemu kubwa ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824, akahamia Marekani akiwa mtoto, akakua akiandika habari za kriketi katika magazeti ya New York. Mwaka 1859 akachapisha jedwali la mechi ya besiboli kwa kuiga namna kriketi ilivyoandikwa. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, mwandishi huweka herufi K; hiyo ni yake Chadwick, na haijaondoka mpaka leo.

Kriketi nimeitaja kwa makusudi, kwa kuwa inaonyesha kuandika kunafanya nini. Tarehe 7 Juni 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza na New Zealand mjini Birmingham. Tulipigwa vibaya: wao mikimbio 309, sisi 128. Lakini hata leo naweza kukuambia kwamba siku ile Frasat Ali wa upande wetu alipata mikimbio 45. Timu ilishindwa, mtu hakupotea. Sasa jaribu kutafuta mashindano ya shule za mkoa huu ya miaka hiyo hiyo. Ukibahatika utaambiwa nani alichukua kombe. Nani alidaka, nani alianguka akainuka, nani alifunga dakika za mwisho, hayo yamo vichwani mwa wazee wetu, na wazee wanaondoka.

Au chukua jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, wakakwama kwenye viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakawafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka 2015 Waganda wengine wakawafunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi inayolisha ligi za Marekani kwa vipaji vya besiboli. Kila mkimbio katika hiyo saba una mwenyewe, una ngwe, yaani zamu ya timu kupiga, uliyoingia, una mtu aliyeupiga mpira uliouleta nyumbani. Palikuwa na waandishi.

Basi kwa nini kibodi? Ukitazama programu nyingi za simu za siku hizi, utakuta mchoro wa uwanja, vitufe vya rangi, vishale vya kuburuta. Zinapendeza. Lakini kila unapotaka kugusa kitufe ni lazima ukitazame, na unapokitazama hutazami uwanja. Besiboli ina tabia moja: inakaa kimya muda mrefu, halafu inalipuka. Sekunde mbili ulizoinamisha kichwa kutafuta kitufe ndizo ambazo mchezaji wa besi ya kwanza ameiba besi ya pili, na wewe unabaki kumuuliza jirani, "Imekuwaje?" Mwandishi anayeuliza imekuwaje ameshaacha kazi.

Kibodi haina shida hiyo. Pitisha kidole juu ya herufi F na juu ya herufi J ya kompyuta yoyote, utakuta kijinundu kidogo. Vijinundu hivyo vimewekwa ili vidole vijue nyumbani kwao bila msaada wa macho. Akina mama na akina dada wa steshenari pale Tengeru wanaujua ufundi huu. Unamletea barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa mkono, yeye anatazama karatasi yako, anakuuliza jina la baba, anamjibu mteja mwingine bei ya fotokopi, na vidole havijasimama. Huyo, akifundishwa namba tisa za nafasi na herufi kumi na kidogo, ataandika mechi vizuri kuliko shabiki mwenye simu ya bei kubwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kabla ya mechi unaingiza majina ya timu zote mbili kwa mpangilio wa kupiga. Kuanzia hapo programu inajua nani yuko zamu, nani yuko besi gani, wangapi wameshatoka. Wewe unaandika kilichotokea tu. Mrushaji akirusha mpira mbaya, unagonga B. Straiki ambayo mpigaji aliitazama tu, C. Straiki aliyozungusha rungu akakosa, S. Mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari, F. Uliopigwa ukaingia mchezoni, X. Kisha unaandika tukio: S8, maana yake mpigaji amefika besi ya kwanza kwa mpira uliokwenda kwa namba nane. Sita tatu, maana yake sita ameokota akamtupia tatu, mpigaji auti. W, amepewa besi bila kupiga. Kama kuna aliyesogea, unaweka nukta na kuongeza moja, kistari, tatu: kutoka besi ya kwanza mpaka ya tatu. Unagonga Enta, na programu inamleta mpigaji anayefuata. Macho hayajatoka uwanjani.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi haiwezi. Ukiandika kwamba mchezaji ametoka besi ya pili kwenda ya tatu wakati besi ya pili haina mtu, programu inakataa. Ukitaka kuandika auti ya nne katika ngwe, inakataa. Haikupi adhabu, inakuuliza tena, na inakuuliza wakati bado unakumbuka.

Mpangilio huu wa herufi haukutoka kwenye kampuni kubwa, ni wa watu wa kujitolea. Mwaka 1984 mwandishi Bill James aliwaita mashabiki wa Marekani waandike wenyewe kila mechi ya ligi kuu, tukio kwa tukio, kwa kuwa kumbukumbu za namna hiyo hazikuwa mikononi mwa wananchi. Mwaka 1989 David Smith, profesa wa baiolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, akaanzisha Retrosheet kwa ajili ya kukusanya karatasi za mechi za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta. Watu wakakaa majumbani kwao usiku wakichapa mechi zilizochezwa kabla hawajazaliwa. Walichozalisha ni maandishi matupu, mstari kwa mstari, yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ile iliyotupwa stoo ya shule kwa sababu eti imepitwa na wakati. Mechi nzima ni kilobaiti chache. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko mechi mia. Haihitaji bando wakati wa mchezo, na jioni ukiwa na mtandao dhaifu kabisa bado itakwenda.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kompyuta ndiyo inayoamua. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye uzito.

Viwanja vyetu mnavijua. Vimechongwa kwenye mteremko wa mlima, upande mmoja unaangalia juu na mwingine unaangalia migomba ya watu. Udongo ni wa volkano, kiangazi unakuwa vumbi, na ndani yake kuna vijiwe ambavyo hata ukifagia leo, mvua ikinyesha vinaibuka vingine. Mpigaji anapiga mpira wa chini kumwendea mtoto anayecheza sita. Mtoto amekaa vizuri, magoti yamekunjwa, glovu imegusa ardhi kama alivyofundishwa. Mpira unagonga kijiwe, unaruka, unampita juu ya bega. Mpigaji anafika besi ya kwanza. Uwanja mzima unamzomea sita. Mwandishi aandike nini? Akiandika E6, amesema ni kosa la sita. Akiandika S6, amesema mpigaji amestahili besi yake na sita hana hatia.

Kanuni inajibu waziwazi. Mpira ukidunda kwa namna isiyo ya kawaida hata mlinzi mwenye kiwango cha kawaida asiweze kuucheza, si kosa lake. Na tena, mtoto akiduwaa, akatupa mpira besi isiyofaa kwa kuchelewa kufikiri, hilo nalo kwa kawaida haliandikwi kosa. Kosa ni la mkono ulioshindwa jambo ambalo juhudi ya kawaida ingeliweza. Sehemu ya tisa ya kanuni rasmi za besiboli ni ya mwandishi wa mechi, na inampa mamlaka ya kuamua hayo peke yake. Zomeazomea ya watazamaji haimo.

Fikiria mtoto yule amecheza mwaka mzima kwenye uwanja wa vijiwe, na kila mpira ulioruka ameandikiwa kosa na mtu asiyejua kanuni. Mwisho wa mwaka mwalimu anafungua orodha ili achague timu ya kwenda Dar es Salaam. Anaona makosa kumi na moja mbele ya jina lake. Anamruka. Mwalimu hakumwonea, ameamini karatasi. Ndiyo maana nasema mwandishi afundishwe kanuni kwanza, herufi baadaye. Vidole vya haraka vikiongozwa na kichwa kisichojua kanuni vinaeneza dhuluma haraka zaidi.

Huko Japani timu nyingi za sekondari zina mwanafunzi wanayemwita maneja, mara nyingi msichana, ambaye kitabu cha mechi ni jukumu lake. Hakuwekwa pale kwa kuwa ameshindwa kucheza. Kocha anamtazama yeye kabla ya kubadili mrushaji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mrushaji ametupa mipira mingapi na wangapi wamempiga upande gani. Ningependa kuona binti wa Akheri ana mamlaka ya namna hiyo mbele ya kocha wake.

Na jirani hapa tuna Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Wenzetu wasioona wanajua kibodi kuliko sisi, kwa sababu kipanya hakiwafai kitu. Wanatumia programu inayosoma kioo kwa sauti. Ipo ya bure inayoitwa NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh. Mchezo ukiandikwa kwa kibodi na maandishi matupu, mwanafunzi asiyeona anaweza kukaa na mwenzake anayemtajia matukio, yeye akachapa, akaulizwa hesabu, akajibu. Programu ya vitufe vya rangi ingemfungia mlango. Vilevile jioni anaweza kuisoma mechi yote mwenyewe, ngwe kwa ngwe, bila kusubiri mtu amsimulie.

Sasa mambo ya uwanjani. Daftari libaki. Umeme ukikatika usiku kucha kompyuta mpakato haitakuwa na chaji asubuhi, na betri za kompyuta kuukuu zinadanganya. Mwandishi wa daftari na mwandishi wa kibodi wakae benchi moja, kila mmoja aandike kivyake, walinganishe mwisho wa kila ngwe. Jua la saa sita linaua kioo, kwa hiyo benchi liwe kivulini au wawe na mwavuli mkubwa. Julai na Agosti vumbi letu linaingia hadi ndani ya herufi. Brashi laini ya rangi inatosha kulitoa, msipulize kwa mdomo, mate yanafanya tope. Na watu wasisimame mbele ya mwandishi. Hilo liwe amri.

Mechi ikiisha, kabla timu hazijatawanyika, thibitisheni hesabu. Besiboli ina mizani yake: idadi ya mara zote wapigaji wa timu walizofika zamu lazima ilingane na mikimbio yao, ukijumlisha na walioachwa kwenye besi, ukijumlisha na waliotolewa. Tuseme watoto wamecheza ngwe sita, wamefika zamu mara 31. Waliotolewa ni 18, yaani watatu mara sita. Mikimbio ni 6. Walioachwa kwenye besi ni 7. Kumi na nane, na sita, na saba: thelathini na moja. Hesabu imekaa. Ikija thelathini, kuna mtoto mmoja alikwenda kupiga na mwisho wake haukuandikwa. Rudini ngwe kwa ngwe mpaka mmpate, waulizeni wenyewe wakiwa bado wanavua viatu, maana daladala ikishaondoka kwenda Usa River hamtampata tena.